Merikebu ya Hewani Iliyorejea Njiani: Habari za L 59, Mwaka 1917

Watu wapendao habari za ndege za vita wana desturi ya kuulizana maswali magumu, kama vile sisi tuteganavyo vitendawili jioni. Mmoja huuliza: Ni chombo gani kilichokaa hewani saa 95 mfululizo, kikavuka bahari na jangwa, kisha kikatua pale pale kilipoondoka, bila ya kuiona nchi kilikopelekwa? Anayejua hujibu: L 59. Swali hili linatuhusu sisi kuliko wengi wanaoliuliza, kwa sababu nchi ile ambayo chombo hicho hakikuiona ni ya kwetu. Kilikuwa kikielekea uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa nchi iliyoitwa wakati ule Deutsch-Ostafrika, ambayo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi.

Kuhusu safari hiyo kuna maneno mengi yasiyo sawa. Wako wasemao kwamba chombo kilifika, kikashusha mizigo usiku na kuondoka. Wengine husema kwamba Waingereza walikirudisha kwa hila, kwa kupeleka habari ya uongo kwa lugha ya adui zao. Maneno yote mawili si kweli. Basi tutaeleza kwa utaratibu kwa nini chombo kilitumwa, jinsi kitu kikubwa namna ile kinavyoweza kuelea hewani, mambo kiliyokutana nayo njiani, na nani aliyekirudisha.

HALI YA VITA KATIKA NCHI

Vita ilipoanza mwaka 1914, manowari za Kiingereza zilifunga pwani yote ili Wajerumani waliomo ndani wasipate silaha wala dawa kutoka kwao. Wajerumani walikuwa na manowari moja kubwa huku, jina lake Königsberg, ambayo watu wa pwani waliiita Manowari ya Bomba Tatu kwa ajili ya mabomba yake matatu ya moshi. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hii iliizamisha Pegasus, manowari ya Kiingereza, pale Unguja, kisha ikajificha ndani ya mikono ya mto Rufiji penye mikoko minene.

Hapo ndipo eropleni zilipoanza kazi ya vita katika nchi hii. Mwezi Novemba 1914 rubani mmoja kutoka Afrika Kusini, Bwana Dennis Cutler, aliruka kutoka kisiwa kidogo karibu na Mafia kwa eropleni itelemkayo majini, akaiona Königsberg ilipojificha. Mtambo wake ulikuwa mbovu hata ikabidi kutafuta Mombasa rejeta ya motokaa ya Ford ili uendelee kufanya kazi. Mwezi Desemba mtambo ulimshinda, akashuka mtoni, akakamatwa. Eropleni nyingine zililetwa mwaka 1915, lakini nyingi zilishindwa na hali ya hewa yetu. Hewa yenye joto ni nyepesi, haishiki mabawa vizuri. Na joto pamoja na unyevu vililegeza gundi iliyounganisha mbao. Mwisho zikaletwa eropleni za kutua nchi kavu, na kiwanja kikatengenezwa Mafia.

Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili fupi zenye mizinga mikubwa, Severn na Mersey, ziliingia mtoni. Waliozipigia hawakuweza kuiona shabaha yao kwa ajili ya miti. Waliowaonyesha ni watu wawili waliokuwa juu katika eropleni, rubani Cull na mwenzake Arnold, ambao walipeleka habari kwa simu ya upepo: risasi hii imepita mbali, hii imeanguka karibu, hii imepiga. Eropleni yao ikapigwa, mtambo ukaharibika, ikawa inashuka. Lakini Arnold hakuacha kupeleka habari mpaka walipoanguka majini, nao wakaokolewa. Siku ile Königsberg iliharibiwa kabisa, na wenyewe wakaizamisha. Lakini mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikaburutwa barabarani kwa nguvu za watu, ikapigana nchi kavu kwa muda mrefu. Mmoja umehifadhiwa Mombasa, katika Ngome ya Yesu, na mwingine Pretoria.

Merikebu mbili za Kijerumani zilifaulu kupenya pwani: moja ilifika Ghuba ya Mansa karibu na Tanga mwezi Aprili 1915, na nyingine ilifika Sudi mwezi Machi 1916. Baada ya hapo mlango ulifungwa. Mwaka 1916 reli ya kati na miji mikubwa vilichukuliwa, na pamoja navyo kituo cha Amani, ambako wataalamu walikuwa wakitengeneza kwinini kwa magome ya miti. Ilipofika mwaka 1917 Jemadari von Lettow-Vorbeck alikuwa amesukumwa mpaka pembe ya kusini, askari wake wakipungukiwa na risasi, na wagonjwa wake wakipungukiwa na dawa.

SHAURI LA KUPITA JUU

Mtu aliyetoa shauri jipya ni daktari, jina lake Max Zupitza, aliyekuwa mganga mkuu wa serikali katika makoloni ya Ujerumani. Alisema hivi: kama bahari imefungwa na nchi kavu imefungwa, imebaki njia moja tu, nayo ni hewani. Eropleni za siku zile hazikuweza kwenda mbali hivyo. Bali merikebu za hewani ziitwazo Zeppelin ziliweza kukaa juu siku nyingi. Wakuu wa bahari wa Ujerumani waliyakubali maneno yake. Merikebu ya kwanza iliyoandaliwa, L 57, iliharibiwa na tufani mwezi Oktoba 1917 kabla ya kuondoka Ujerumani. Mara moja wakachukua nyingine iliyokuwa ikiundwa, L 59, wakaikata katikati na kuirefusha.

JINSI KITU KIZITO KINAVYOELEA

Msomaji atauliza: Chombo chenye urefu wa meta 226, chenye mitambo mitano ya chuma, kiliwezaje kuelea hewani kama pamba? Jibu lake si gumu. Chukua kibuyu kitupu ulichokiziba, ukizamishe katika maji ya mtungi, kisha ukiachie. Kitapanda juu kwa nguvu, kwa sababu kibuyu na hewa iliyomo ni vyepesi kuliko maji yaliyosukumwa kando. Hewa nayo ina uzito, ijapokuwa hatuusikii. Hewa ya kujaza sanduku lenye meta moja kila upande, yaani meta moja ya ujazo, ina uzito upatao kilo moja na robo. Gesi iitwayo haidrojeni, ikijazwa katika sanduku lile lile, haifikii gramu 100. Basi kila meta ya ujazo ya gesi hiyo inaweza kuinua zaidi ya kilo moja.

L 59 ilichukua meta za ujazo 68,500. Gesi hiyo haikuwa katika mfuko mmoja. Ilikuwa katika mifuko mingi iliyopangwa mmoja nyuma ya mwingine, ili mmoja ukitoboka mingine ibaki. Mifuko ilipakwa utando mwembamba utokao katika matumbo ya ng'ombe, maana utando huo huzuia gesi isivuje. Mifuko yote ilikaa ndani ya kiunzi cha madini mepesi, na juu yake likavishwa gunia kubwa la pamba. Mitambo ilikuwa kwa ajili ya kusukuma chombo mbele tu. Kazi ya kukiinua ilikuwa ya gesi.

Lakini gesi hii ina matata mawili. La kwanza, huwaka moto upesi mno. Cheche moja yatosha kuangamiza chombo na watu wote. La pili, hufuata joto na baridi. Jua likiwaka, gesi hufura, na isipopunguzwa itapasua mifuko. Basi hufunguliwa itoke. Usiku ukiingia na baridi yake, gesi iliyobaki hunywea, nguvu ya kuinua hupungua, na chombo huanza kushuka. Hapo nahodha hana budi kutupa kitu kizito, kwanza maji yaliyochukuliwa kwa kazi hiyo, na maji yakiisha, mizigo. Kwa sababu hiyo safari ya kuvuka jangwa, ambako mchana ni tanuri na usiku ni barafu, ilikuwa ngumu kuliko safari yoyote ya Ulaya.

SHEHENA, NA CHOMBO AMBACHO HAKIKUTAZAMIWA KURUDI

Kusini kwetu hapakuwa na haidrojeni ya kukijaza tena chombo. Kwa hiyo kilipangiwa safari ya kwenda tu. Ndani yake mlitiwa mizigo ya tani 15 hivi: risasi zaidi ya 300,000, bunduki za bombom 30, mifuko 61 ya bandeji na dawa, na barua. Hata mwili wa chombo ulikuwa mali. Nguo ya nje ingeshonwa mahema na mavazi. Nguo ya mifuko ya gesi ingefaa kwa bandeji. Kiunzi kingesimamishwa kuwa minara ya simu ya upepo. Mitambo ingetia nguvu za umeme. Na ngozi iliyotandikwa katika njia ya kupitia ndani ingekatwa viatu. Watu 22 waliosafiri, na nahodha wao Ludwig Bockholt, walijua kwamba wakifika watakuwa askari wa miguu kama wengine. Daktari Zupitza alikuwa pamoja nao.

SAFARI YENYEWE

Chombo kilipelekwa kwanza Jamboli, mji wa Bulgaria, kwa sababu Bulgaria ilikuwa upande wa Ujerumani na palikuwa na banda la kukiweka. Mara mbili kilijaribu kuondoka, mara mbili kikarudi. Katika jaribio la pili, tarehe 16 Novemba 1917, askari wa Uturuki, ambao walikuwa rafiki zao, walidhani ni cha adui wakakipiga kwa bunduki na kukitoboa.

Tarehe 21 Novemba asubuhi kikaondoka kwa mara ya tatu. Kilipita Uturuki mchana ule, na usiku juu ya kisiwa cha Krete kikaingia katika tufani ya radi. Mwanga wa umeme ulikuwa ukicheza juu ya mwili wa chombo, jambo la kutisha kwa watu waliokaa chini ya gesi iwakayo. Waya mrefu wa simu ya upepo uliokuwa ukining'inia chini ulivutwa ndani usije ukaita radi. Kwa hiyo kwa muda ule hawakuweza kusikia lolote lililoitwa kutoka Ulaya.

Alfajiri ya tarehe 22 walifika pwani ya Misri, wakaingia jangwani. Joto lililopanda kutoka mchangani liliyumbisha chombo kama dau katika mawimbi, hata mabaharia wazoefu wakaugua. Mwanga mkali wa mchanga uliwaumiza macho na vichwa. Alasiri mtambo wa mbele ukavunjika. Hasara yake haikuwa mwendo tu, maana mtambo huo ndio uliotia nguvu simu ya upepo ya kupelekea habari. Tangu saa ile L 59 iliweza kusikia, lakini haikuweza kujibu.

Usiku ule, saa saba kasoro robo, ilipokuwa imepita magharibi ya Khartoum katika nchi ya Sudani, sauti ya simu ikaingia: Rudini. Adui ameshika sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde na amekwisha kufika Kitangari. Nahodha Bockholt hakuwa na njia ya kuuliza mara ya pili. Aligeuza chombo. Katika baridi ya usiku ule gesi ilinywea sana, kikashuka karibu na ardhi, hata ikabidi kutupa maji na baadhi ya risasi zenyewe. Kisha kikafuata njia ile ile, kikavuka bahari, kikapita Uturuki, na asubuhi ya tarehe 25 Novemba kikatua Jamboli. Kilikuwa kimekaa hewani saa 95 na kwenda maili 4,200 hivi, yaani kilometa 6,757. Ndani yake yalibaki mafuta ya kutosha saa 64 zaidi. Kwa hiyo hakikurudi kwa kushindwa na safari.

NANI ALIYEKIRUDISHA?

Amri ilitoka kwa wakuu wa bahari wa Ujerumani wenyewe, na ilipelekwa na kituo kikubwa cha simu ya upepo cha Nauen karibu na Berlin. Walikuwa wamejaribu kukiita mapema zaidi, mara tu baada ya kuondoka, lakini kituo cha Jamboli hakikuwa na nguvu za kukifikia. Hapakuwa na hila ya Waingereza. Uvumi wa hila ulipata nguvu kwa sababu watu waliona ni ajabu kwamba chombo kizima, chenye mafuta tele, kigeuzwe kikiwa kimekwisha kupita nusu ya njia.

Na je, habari ile ya Makonde ilikuwa ya kweli? Kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli. Mwezi Oktoba palikuwa na mapigano makali sana Mahiwa, na baada yake majeshi ya Kiingereza yaliingia katika uwanda wa Makonde. Katikati ya Novemba Lettow-Vorbeck aliamua kuwaacha wagonjwa wake na wote wasio na nguvu, akabaki na Wazungu 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000 hivi, akaelekea mto Ruvuma. Kama L 59 ingeendelea, ingefika mahali ambapo waliokuwa wakiingoja wamekwisha kuondoka. Tena hao hawakuwa na simu iwezayo kufika Ulaya, hata waeleze walipokwenda.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Tarehe 25 Novemba 1917, siku ile ile L 59 ilipotua Jamboli, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno pale Ngomano. Humo alipata bunduki, dawa na yapata risasi 250,000. Alichoshindwa kuletewa na merikebu ya hewani alikipata siku ile kwa adui zake. Akaendelea kupigana mwaka mmoja kamili, na mwisho akaweka silaha chini Abercorn, mji uitwao sasa Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. L 59 haikuuona mwisho huo. Tarehe 7 Aprili 1918 ililipuka juu ya bahari karibu na Italia, ilipokuwa ikienda kupiga kisiwa cha Malta, na hakuokoka hata mtu mmoja.

MZIGO WA MTU KICHWANI

Wengi wanaosimulia habari hizi hukomea hapo. Lakini sisi tunayo hesabu moja zaidi ya kufanya. Mzigo wa mpagazi katika nchi hii ulikuwa ratili 60. Mizigo ya L 59 ilikuwa tani 15, yaani ratili 33,000 hivi. Ukigawanya, utaona kwamba chombo kile cha ajabu kuliko vyote vya zamani zake, kilichogharimu akili za wataalamu na hatari za watu 22, kilichukua mizigo ya wapagazi 550. Basi fikiri: katika vita hiyo pande zote mbili zilitumia wapagazi wa kuhesabiwa kwa laki. Walitembea kwa miguu katika mvua na njaa, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la L 59 limeandikwa katika vitabu, na saa zake zimehesabiwa mpaka dakika. Majina ya wengi wa watu wale hayakuandikwa popote, na nyumbani kwao walingojewa bila ya habari.

Walimu wanaweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa vitu viwili tu, kibuyu na ramani. Kwa kibuyu wataonyesha kwa nini chombo kilielea. Kwa ramani watafuata njia kutoka Jamboli, kupita Krete na pwani ya Misri, mpaka magharibi ya Khartoum, kisha wapime kwa uzi umbali uliobaki mpaka Newala. Na wazee ambao baba zao au babu zao walikwenda na misafara ile ya vita, na waulizwe majina yao, yaandikwe katika daftari la shule. Mtu akiulizwa tena kitendawili cha L 59, atajua jibu lake, na atajua pia ni akina nani waliobeba mizigo katika miaka ile ambayo hakuna chombo kilichofika.